Njia Panda: Historia ya Taa na Umbo la Barabara

Mtu wa kwanza kusimamisha taa ya kuongozea magari kwenye njia panda hakuwa mtu wa barabara. Alikuwa mtu wa reli. John Peake Knight, mzaliwa wa Nottingham, Uingereza, alikulia kazini kati ya stesheni na ishara za treni. Barabara iliyopita mbele ya Bunge mjini London ilikuwa imefurika magari ya farasi, wabunge wenyewe wakivuka kwa kubahatisha, na Knight alipopendekeza dawa alichukua ile aliyoizoea: mlingoti mrefu wenye mikono ya chuma kama ya relini. Mkono ukinyooka, simama. Ukiinama nusu, pita kwa uangalifu. Giza likiingia, taa za gesi, nyekundu na kijani, zilishika kazi ya mikono. Askari alisimama chini ya mlingoti akiuendesha.

Mlingoti huo uliwekwa Desemba 1868. Tarehe 2 Januari 1869 gesi ilivuja, ukalipuka, na askari aliyekuwa zamu akaungua. London ikaachana na jambo hilo, na Uingereza haikuona tena taa za kuongozea magari hadi miaka ya 1920: kwanza Piccadilly mwaka 1926, zikiendeshwa na askari kwa mkono, kisha Princes Square mjini Wolverhampton mwaka 1927, zikijibadilisha zenyewe.

Wengi wanakumbuka mlipuko. Mimi naona asili ya wazo lenyewe ndiyo inayofaa kukumbukwa. Treni haina usukani. Dereva wake hawezi kukwepa, na akifunga breki inachukua masafa marefu kusimama, kwa hiyo ni lazima mtu mwingine, aliye nje, aamue nani apite na nani angoje. Reli zinabaki zilivyo, kinachogawanywa ni muda. Knight aliihamishia fikra hiyo barabarani nzima nzima. Tangu hapo taa zimepata umeme, kompyuta, kamera na programu, lakini kazi yake ni ileile: kugawa muda juu ya njia panda ambayo hakuna aliyeigusa. Wakati huohuo wametokea watu waliouliza kama kosa haliko kwenye njia panda yenyewe, jinsi ilivyochorwa. Historia ya mvutano huo ni ndefu, na miji yetu imo ndani yake.

Magari ya injini yalipojaa Marekani, taa zilirudi kwa kasi. Mwaka 1912 askari wa Salt Lake City, Lester Wire, alitengeneza sanduku lenye taa mbili za umeme. Tarehe 5 Agosti 1914 jiji la Cleveland lilizindua taa zake kwenye kona ya Euclid Avenue na Mtaa wa 105 Mashariki, kwa ubunifu wa James Hoge. Zilikuwa nyekundu na kijani tu. Mwaka 1920 askari wa Detroit, William Potts, aliongeza rangi ya tatu katikati na kuzielekeza taa pande zote nne. Naye pia aliazima rangi zake kutoka relini.

Garrett Morgan wa Cleveland anastahili kutajwa peke yake. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, fundi na mfanyabiashara aliyebuni mambo mengi. Mwaka 1923 alipata hataza ya ishara yenye umbo la herufi T, na ndani yake aliweka hatua ya kusimamisha magari ya pande zote kwa pamoja ili mwenda kwa miguu apate nafasi ya kuvuka. Haki za ubunifu huo aliziuza kwa kampuni ya General Electric. Katika orodha yote ya wavumbuzi wa miaka ile, huyu ndiye aliyemfikiria mapema anayetembea kwa miguu, na si baada ya magari yote kupita.

Tunapozungumza leo kuhusu taa janja tunadhani ni jambo la juzi. Mwaka 1928 mjini Baltimore, Charles Adler alifunga taa iliyosikia. Dereva aliyesimamishwa na nyekundu alipiga honi, kipaza sauti kilichokuwa kwenye nguzo kikaipokea, na taa ikampa njia. Mwaka huohuo palikuwa pia na majaribio ya mabamba yaliyolazwa barabarani, ambayo gari likiyakanyaga yalipeleka taarifa kwenye taa. Baadaye zikaja koili za waya zinazofukiwa chini ya lami na kutambua chuma kinachopita juu yake. Kwa hiyo hamu ya taa inayoona, inayosikia na kujiamulia ina umri wa karibu miaka 100. Kilichokuwa kikikosekana ni ubongo wa kuunganisha njia panda moja na nyingine.

Ubongo huo ulipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1963. Mji ule ndio wa kwanza duniani kukabidhi mfumo wake wa taa kwa kompyuta, mashine ya UNIVAC. Muongo uliofuata Sydney, Australia, ilibuni mfumo wa SCATS, na Uingereza ikabuni SCOOT. Yote miwili inafanya kazi kwa kuhesabu magari yanapokaribia, kisha kurefusha au kufupisha kijani kidogo kidogo mchana kutwa. Los Angeles ilianza mfumo wake mwaka 1984 kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki, na kufikia 2013 taa zake zote, zipatazo 4,400, zilikuwa zimeunganishwa. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Hata hivyo Los Angeles bado inatajwa duniani kote kwa foleni zake, maana taa ikigawa muda vizuri zaidi haiongezi dakika hata moja kwenye saa.

Sasa turudi nyuma tufuate njia ya pili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wawili, mmoja New York na mwingine Paris, walifikia wazo linalofanana bila kutumia taa. William Phelps Eno alipendekeza magari yazunguke upande mmoja tu kwenye Columbus Circle, na jambo hilo likatekelezwa mwaka 1905. Eugène Hénard, msanifu wa Paris, alichora michoro ya njia panda ya mduara, na mwaka 1907 uwanja mkubwa unaozunguka Arc de Triomphe ukaanza kutumika hivyo. Uingereza ilijenga mduara wake mapema pia, katika mji mpya wa Letchworth, karibu mwaka 1909. Dar es Salaam tunaiita kipilefti, Nairobi raundabauti.

Wazo lilikuwa zuri na lilishindwa. Lilishindwa kwa sababu moja ndogo ambayo ilichukua nusu karne kuonekana: hapakuwa na kanuni ya nani ana haki. Katika nchi nyingi gari linaloingia ndilo lililopewa nafasi, na lile lililokwisha kuingia lililazimika kusimama. Fikiria mlango wa daladala ambapo wanaopanda wanasukuma kabla wanaoshuka hawajatoka. Kadiri magari yalivyoongezeka, mduara ulijaa, waliomo ndani hawakuweza kutoka kwa sababu ya wanaoingia, na wanaoingia hawakuwa na pa kwenda. Wahandisi walijibu kwa kupanua miduara, ikawa mikubwa kama viwanja vya mpira, magari yakaingia kwa mwendo wa kasi zaidi na ajali zikawa mbaya zaidi. Kufikia miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wameichoka. Waliacha kuijenga, wakaweka taa.

Aliyeikomboa ni Frank Blackmore, mhandisi wa maabara ya serikali ya utafiti wa barabara nchini Uingereza. Aliona kwamba tatizo si mduara bali ni haki ya kupita, na akalisimamia jambo hilo kwa miaka. Novemba 1966 Uingereza ikatangaza kanuni yake: anayeingia ampishe aliyemo ndani. Hiyo tu. Sheria ya sentensi moja iliufungua mduara uliokuwa ukijifunga wenyewe.

Blackmore hakuishia hapo. Kanuni hiyo ilipoanza kazi aligundua kwamba mduara mkubwa hauhitajiki tena, kwa sababu magari hayahitaji tena masafa marefu ya kupishana yakiwa ndani. Akaanza kukipunguza kisiwa cha katikati, akakipunguza tena, hadi kwenye miji midogo kikabaki doa la rangi nyeupe juu ya lami. Akapanua midomo ya kuingilia ili magari mawili yaingie sambamba. Mwaka 1972 mjini Swindon kilizinduliwa kile ambacho hadi leo wageni hukipiga picha: miduara midogo mitano iliyopangwa kuzunguka mmoja wa katikati, na ule wa katikati unazunguka kinyume cha mingine. Ukiona mchoro wake unadhani ni kichaa. Magari yanapita.

Kwa nini mduara ulio sahihi unaokoa maisha ni jambo linaloelezeka bila hisabati. Kwenye njia panda ya kawaida yenye pande nne, mikondo ya magari inakatana au kukutana katika sehemu 32. Kwenye mduara wa njia moja sehemu hizo ni 8, na hakuna hata moja ambapo gari linaweza kuligonga jingine ubavuni kwa pembe ya nyuzi 90. Halafu kuna mwendo. Umbo lenyewe linamlazimisha dereva kupinda, na huwezi kupinda kwa kilomita 80 kwa saa. Taa inafanya kinyume chake: dereva anayeiona njano kwa mbali, mara nyingi anakanyaga mafuta ili aiwahi. Kwa yule anayetembea, tofauti ya kugongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa na lile la kilomita 50 au 60 mara nyingi ndiyo tofauti ya kulazwa na kuzikwa.

Wamarekani walirejea kwenye mduara wakiwa wamechelewa. Miduara yao ya kwanza ya kisasa ilijengwa Summerlin, Nevada, mwaka 1990. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa makutano 24 yaliyobadilishwa kutoka taa au alama za kusimama na kuwa miduara. Ajali zote kwa jumla zilipungua kwa asilimia 38. Ajali zenye majeruhi zilipungua kwa asilimia 76. Zile za vifo na ulemavu zilipungua kwa kadirio la asilimia 90. Ni nadra katika uhandisi wa barabara kukuta dawa yenye nguvu kiasi hicho, tena isiyotumia umeme.

Mji mdogo wa Carmel, jimbo la Indiana, ulikuwa umeanza kabla ya utafiti huo. Jim Brainard, aliyeshika umeya mwaka 1996, alikuwa ameiona miduara alipokuwa Uingereza kimasomo. Wahandisi walisitasita, wakazi walilalamika, naye akaendelea. Hadi anaondoka madarakani mwishoni mwa 2023 mji ulikuwa na miduara zaidi ya 150, na taa zilikuwa zimebaki chache. Umeme ukikatika Carmel, njia panda hazijui.

Ulaya ilikwenda mbali zaidi kifikra. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha msimamo kwamba binadamu hukosea, na kazi ya mjenzi wa barabara ni kuhakikisha kosa hilo halimuui. Kwa msimamo huo, njia panda inayoua haina utetezi kwamba taa ilikuwa nyekundu. Uholanzi, katika mji wa Drachten, mhandisi Hans Monderman aliondoa taa kwenye makutano ya Laweiplein na kuyajenga upya yakiwa uwanja wenye mduara, magari, baiskeli na watu wakitazamana machoni. Waandishi wa habari walipomtembelea, alikuwa akivuka barabara kinyumenyume mbele yao, magari yakimpisha. Sishauri mtu afanye hivyo Kariakoo, Dar es Salaam. Palipo na mwendo mkubwa na madereva waliozoea kwamba mwenye gari kubwa ndiye mwenye haki, uwanja wa kutazamana unamtoa kafara mnyonge.

Haki itendeke kwa taa pia. Mwaka 2012 mjini Pittsburgh, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakiongozwa na Stephen Smith walifunga mfumo uitwao Surtrac kwenye makutano tisa ya mtaa wa East Liberty. Kila njia panda iliyaona magari yake kwa kamera, ikapanga kijani chake sekunde kwa sekunde, kisha ikaijulisha jirani yake magari mangapi yanakuja. Muda wa safari ulipungua kwa takriban robo, na muda wa kusubiri kwa takriban asilimia 40. Mtaa ule ni mkongwe, majengo yamebanana, barabara zinakutana kwa pembe za ajabu, na hakuna pa kuchora mduara bila kubomoa nyumba za watu. Hapo taa janja ni jibu sahihi. Na mduara una udhaifu wake: ukiwa na njia mbili au tatu unamtisha anayetembea na kumnyima kabisa njia asiyeona, na upande mmoja ukileta magari mengi mno, pande nyingine hazipati mwanya.

Udhaifu huo wa mwisho Nairobi wanaujua. Uhuru Highway inapita katikati ya jiji ikiwa na miduara iliyofuatana kwa karibu: Nyayo, Bunyala, Haile Selassie, Kenyatta Avenue, University Way. Ni miduara ya ukubwa wa zamani, ya njia nyingi. Kila mmoja peke yake ungeweza kupumua, lakini foleni ya mmoja inarudi nyuma hadi inaziba mlango wa kutokea wa ule uliotangulia, na mduara usio na pa kutokea unakufa papo hapo. Zikafungwa taa juu ya miduara, kisha polisi wakasimama mbele ya taa na kuongoza kwa mkono. Mambo matatu yanayotoa amri tofauti mahali pamoja: kanuni ya mduara, rangi ya taa na mkono wa afisa. Dereva wa matatu hutii lile linalompitisha.

Mwaka 2015, wakati wa ugavana wa Evans Kidero, kaunti ilijaribu kubadilisha umbo kwa njia ya mkato. Mapipa yalipangwa kuziba miduara ya barabara hiyo ili magari yasikate kulia, yaende moja kwa moja na kugeukia mbele. Wananchi wakayabatiza mapipa ya Kidero, malalamiko yakawa mengi, na hatimaye mapipa yakaondolewa. Watu waliyacheka, lakini naamini fikra iliyokuwa nyuma yake haikuwa ya kipuuzi. Kukata kulia, kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, ndiko kunakokula muda mwingi wa njia panda, na nchi nyingi zimefaulu kwa kukuhamisha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba pipa linaweza kufanya kazi ya ujenzi.

Ujenzi mkubwa nao ulifanyika. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilifuta miduara ya Pangani na Muthaiga na kuweka makutano ya ngazi mbalimbali. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kasi ya kilomita 27, sehemu yake ikipita juu, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Magari yalipata mwendo. Lakini kwenye barabara ya Thika watu waliendelea kuvuka chini kwa miguu kati ya magari yaendayo kasi, wengi wakapoteza maisha, na vivuko vya juu vikawa vinaongezwa baada ya barabara kuwa tayari inatumika. Barabara ilichorwa kwanza, mtu akafikiriwa baadaye.

Dar es Salaam iliingia katika mjadala huu kwa kuchelewa, kisha ikakimbia. Makutano ya TAZARA, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Barabara ya Mandela karibu na stesheni ya reli ya kwenda Zambia, yalikuwa kero ya miaka mingi. Malori ya bandarini, magari ya uwanja wa ndege na daladala za Gongo la Mboto yote yalikutania hapo. Taa zilikuwepo. Saa za asubuhi na jioni trafiki walizichukulia nafasi, wakaruhusu upande mmoja kwa dakika nyingi mfululizo wakati pande tatu zimezima injini. Kila dereva wa jiji hili anazo hadithi zake za kushikiliwa na mkono wa trafiki huku taa ikimwambia apite.

Ujenzi ulianza 2016 kwa msaada wa Japani, na tarehe 27 Septemba 2018 Rais John Magufuli akaizindua flaiova ya kwanza ya Tanzania. Iliitwa Daraja la Mfugale, kwa heshima ya Mhandisi Patrick Mfugale, wakati huo mtendaji mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara. Jambo la kutazama pale ni mchanganyiko. Magari ya Barabara ya Nyerere yanayokwenda moja kwa moja yanapita juu, na kwa hiyo mkondo mmoja mzito umetolewa kabisa kwenye mzozo. Chini zimebaki taa, zikiongoza Mandela na wanaokata kona. Umbo lilipobadilika, taa zilipata kazi ambayo zinaiweza.

Ubungo ikafuata. Machi 2017 Magufuli aliweka jiwe la msingi akiwa na rais wa Benki ya Dunia, Jim Yong Kim. Nafasi ilihitajika kiasi kwamba hata jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, lilikatwa sehemu. Tarehe 24 Februari 2021 makutano ya ngazi tatu yalizinduliwa yakiitwa Kijazi, jina la Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi aliyekuwa amefariki wiki moja kabla. Magufuli, aliyeyazindua, naye aliaga dunia Machi 17 mwaka huohuo. Anayekumbuka Ubungo ya zamani, mabasi ya mikoani yakitoka stendi na kukuta bahari ya magari pande zote, hawezi kusema kwamba hakuna kilichobadilika.

Bado ninaona pengo moja katika ushindi huu. Flaiova ni njia ghali mno ya kubadilisha umbo, na jiji haliwezi kujenga ngazi tatu kila kona. Mwenge, Magomeni, Buguruni, Tabata na mamia ya njia panda ndogo za mitaani zinahitaji kitu kilicho kati ya flaiova na taa: kisiwa cha kupumzikia anayevuka, mdomo wa barabara uliobanwa ili gari lipunguze mwendo, njia ya pekee ya anayekata kulia, mduara mdogo wa Blackmore unaojengwa kwa saruji na rangi. Vitu hivyo havikatiwi utepe. Ndivyo vinavyookoa watu.

Kinshasa walijaribu dawa nyingine. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay na chama chake cha wanawake mafundi walisimamisha katikati ya njia panda maroboti makubwa ya chuma, yenye urefu wa mita 2.5, yakitumia umeme wa jua. Yaligeuka, yakainua mikono, yakawasha nyekundu na kijani, na kamera zake zilirekodi wanaokaidi. Yalipendwa. Roboti haombi chochote wala haogopi cheo cha mtu, watu walisema. Nami naona heshima katika kazi ile: mafundi wa Kikongo walitazama tatizo lao wakalijibu kwa mikono yao. Lakini roboti lile, ukilitazama vizuri, ni mlingoti wa Knight uliorudi na kifua na kichwa. Njia panda iliyokuwa chini yake ilibaki ilivyo.

Sasa wauzaji wa mifumo ya taa janja wamefika katika ofisi za miji yetu yote mikubwa, na kompyuta zao zina uwezo wa kweli. Swali la kuwauliza ni taa hizo zinahesabu nini. Koili chini ya lami inatambua chuma. Kamera inahesabu magari yaliyopanga mstari kwenye njia zake. Kwetu bodaboda kumi zinajipenyeza mbele ya mstari, bajaji inasimama kati ya njia mbili, na mkokoteni uko ukingoni. Basi la mwendokasi la Barabara ya Morogoro limebeba zaidi ya watu 100, na kwa taa isiyofundishwa ni gari moja, sawasawa na gari dogo lenye mtu mmoja. Mama aliyebeba ndoo kichwani akisubiri kuvuka hahesabiwi kabisa. Mfumo usiomwona utampangia sekunde zilizobaki baada ya wote, na ukifanya hivyo kwa ustadi wa hali ya juu utakuwa umemwonea kwa ustadi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Taa bora inaokoa dakika, na dakika zina thamani, hasa kwa anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi kazi Posta. Umbo bora linaokoa dakika na uhai pia, na linaendelea kuokoa wakati umeme umekatika, programu imegoma na mkataba wa matengenezo umekwisha.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe huu: chora njia panda upya kwanza, kisha, palipobakia mzozo ambao umbo haliwezi kuumaliza, weka taa, na hizo taa ziwe janja kadiri fedha inavyoruhusu. TANROADS na TARURA za Tanzania, KURA ya Kenya na mamlaka za barabara za majiji mengine wanao wahandisi wanaolijua hili kuliko mimi. Wapeni bajeti ya njia panda ndogo. Na kabla ya mkataba wowote wa taa kusainiwa, diwani wa kata husika aende akasimame pale saa 12 jioni, ahesabu watu wanaovuka kwa miguu, kisha aulize hadharani mkataba huo umewatengea sekunde ngapi.